Nusu ya Pili ya Jedwali

Saa nne usiku, ofisi ya ushirika, ghorofa ya pili, Kiusa.
Chini, mlinzi Kinyaiya ana redio yake ndogo,
na harufu ya kahawa mbichi, ambayo si harufu ya kahawa
bali ya magunia na nyasi zilizolowa,
inapanda ngazi bila kubisha hodi.

Programu ya ghala imetoka Kobe, kwa wanunuzi wetu.
Inahesabu magunia vizuri kuliko sisi.
Ila ikikasirika, inakasirika kwa Kijapani,
na Kijapani chake kikifika kwenye kioo changu
kinakuwa viboksi, herufi zenye vilemba na mikia,
alama za senti, robo, nusu,
kama mtu anayegomba mdomo umejaa kiburu.

"Imeharibika," kasema meneja. "Futa, tuanze upya."

Haijaharibika, mzee.
Baiti ni zilezile zilizoondoka Kobe,
hakuna hata moja iliyodondoka njiani.
Wao hufunga kwa utaratibu wao wa zamani,
baiti mbili kwa herufi moja;
sisi tunafungua mojamoja,
kama muuza viatu anayeuza mguu mmoja mmoja.

Tangu mchana nafuata kosa moja.
Ujumbe ulitaka kusema, nimekuja kujua baadaye,
"Jedwali halipo."
Na neno linalokatika ni hilohilo, jedwali:

表

Nusu yake ya kwanza haina ugomvi na mtu.
Nusu ya pili, tisini na mbili kwa hesabu yetu,
ni mshazari, ule unaolalia nyuma,
ambao mashine zetu huutii kama askari wa barabarani:
ukiinua mkono, kinachofuata si chenyewe tena.
Kwao nambari hiyohiyo huchorwa alama ya yen.
Huku onyo, kule fedha.
Basi jedwali likammeza jirani,
jirani akammeza wake,
sentensi nzima ikatembea imepishana hatua moja
mpaka nukta.

Bibi yangu aliitwa Ndeonansia.
Karani wa zahanati, mgeni, kijana wa haraka,
aliandika alivyosikia: Deo Nancy.
Watu wawili kwenye kadi moja,
na dawa zikatoka za mmoja.
Walipoita dirishani hakuinuka.
Alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri,
mzima, herufi zake zote ndani yake.

Leo Bi. Hanaoka ameandika kutoka Kobe,
kwa adabu ile inayouma kuliko matusi:
samahani kwa usumbufu, lakini kwa nini
kwenye ankara zenu mimi ni

???

Hapo niliacha kucheka.
Viboksi vinapona. Vilemba vinapona.
Rudisha utaratibu wake, mtu anarudi na sura yake.
Lakini alama ya kuuliza si vazi alilovishwa.
Ni mashine iliyokosa herufi, ikaona haya,
ikaandika swali na kutupa jibu.
Ukiifungua, hamna mtu ndani.
Na sisi tumehifadhi hivyo tangu Februari,
ankara mia mbili na kumi na nne.

Nimebadilisha mstari mmoja. Mmoja tu.
Ujumbe ukatokea umenyooka, kila mguu na kiatu chake:
jedwali halipo.
Kosa bado ni kosa,
ila sasa linasomeka, naweza kugombana nalo.

Kisha nikamwandikia: jina lako, tafadhali, tutumie tena.
Halikuharibikia njiani. Tulilipoteza sisi.

Kobe kumekucha. Amejibu upesi.
Nalinakili ankara moja baada ya nyingine, kwa mkono,
ingawa najua njia ya mkato.
Kinyaiya amepanda kuuliza kama nafunga.
Anainama kwenye kioo, tochi bado inawaka.

"Hiyo nini?"
"Jina."
Anatazama kwa muda.
"Lina miguu mingi," anasema,
na kushuka kwenda kuangalia lango.